Unga umeondoka, unyumba haujarudi

*Bagamoyo imekuwa mji wa watu wanaojinasua kwenye dawa za kulevya. Kliniki inapima dozi, soba hausi inahesabu siku. Yanayotokea mlango wa chumbani ukishafungwa hayana wa kuyauliza.*

Jioni, jua likishainama nyuma ya Mji Mkongwe, meza ya pweza karibu na soko la samaki Bagamoyo haikosi wateja. Muuzaji anakata vipande vidogo vya kuchomwa kwa kijiti, anavitia pilipili, anakamua ndimu, kisha anachota supu ya rangi ya zambarau kwenye kikombe. Karibu wote wanaosimama pale ni wanaume, na wengi hawakai. Wanakunywa wima, wanalipa, wanaondoka. Anayeomba kikombe cha pili hutaniwa kwamba leo nyumbani kwake kuna mtu hatalala.

Supu ya pweza katika mwambao huu hainywewi kwa njaa. Kila mtu anajua inanywewa kwa ajili ya nini, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna anayelazimika kusema.

Miongoni mwa wanywaji hao wapo waliosimama kwenye foleni nyingine asubuhi ya siku hiyohiyo, mbele ya dirisha la methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, katika Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Dawa yenyewe ni ya maji. Inapimwa kwa mililita, inatiwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki na kunywewa mbele ya muuguzi. Akishameza, mtu hunywa maji kidogo au husema neno lolote, ili ionekane dozi imeshuka kweli na haikufichwa mdomoni ikauzwe nje. Habari za nyumbani? Salama. Haya, anayefuata.

Kati ya vikombe hivyo viwili, cha asubuhi na cha jioni, kuna jambo ambalo wanandoa wengi wa Dunda, Magomeni, Kerege hadi Bunju wanalibeba kimya. Mume ameacha unga, yaani heroini. Majirani wamemsifu, mama yake ameshukuru Mungu, watoto wameanza tena kumwita baba. Chumbani hakuna kilichorudi.

Habari iliyoishia getini

Tanzania ilianza kutoa methadoni Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikawa nchi ya kwanza ya bara la Afrika kusini mwa Sahara kuendesha tiba hiyo katika hospitali ya umma. Mwananyamala ilifuata mwaka 2012, kisha Temeke, na baadaye huduma ikatoka nje ya Dar es Salaam na kufika Bagamoyo, Tanga, Mwanza, Mbeya, Dodoma na kwingineko. Zanzibar ilifungua kliniki yake Kidongo Chekundu.

Bagamoyo ilikuwa na njia yake tangu kabla ya kliniki. Umbali wa kilomita 60 na ushei kutoka jijini ni karibu vya kutosha kwa ndugu kuja kumtazama mgonjwa Jumapili, na mbali vya kutosha na kijiwe chake. Ndiyo maana nyumba za kuachia dawa, soba hausi, zimeota hapa. Mojawapo ya zinazotajwa sana ni ya Life and Hope Rehabilitation Organization, na wasomaji wa kurasa za burudani wanakumbuka Machi 2016, mwanamuziki Chid Benz alipopelekwa Bagamoyo kuachishwa unga. Miaka michache kabla, mwaka 2012, nchi nzima ilifuatilia kuugua kwa Rehema Chalamila, yaani Ray C, na msaada aliopewa na Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa wilaya hiihii ya Bagamoyo.

Magazeti, hili unalolisoma likiwemo, yana desturi moja. Huandika siku ya kuingia na siku ya kutoka. Picha ya getini, begi mkononi, ndugu wakitabasamu. Anarudi kwa nani, na huyo aliyemsubiri yuko katika hali gani, hilo halina picha.

Hata jina tulilowapa watu hawa linawaacha nje ya nyumba. *Teja* limetoka kwenye *mteja*, mnunuzi wa kete. Neno hilo linamjua mtu akiwa kijiweni tu. Halina mume ndani yake wala mke.

Mwili ulivyozimwa

Watu wengi wanaamini mtumiaji wa unga hukosa hamu kwa sababu amekonda na kuchoka. Kukonda kupo, lakini shina la tatizo liko juu zaidi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Kila baada ya saa moja hadi mbili hivi hutuma ishara kwa tezi iliyo chini yake, nayo tezi hiyo huziamuru korodani zitengeneze testosteroni na ovari ziivishe yai. Heroini, mofini na dawa zote za ukoo wa afyuni hupunguza ishara hizo. Korodani si mbovu, ovari si mbovu. Amri haijafika.

Ndiyo maana mwanaume anayetumia unga kwa muda mrefu hupungukiwa na hamu, husimamisha kwa taabu, na pengine ndevu hupungua kasi. Mwanamke huona siku zake zinaruka miezi, au zinakatika kabisa.

Lakini mwanzoni haiwi hivyo, na hapa ndipo penye mtego. Kijana anayeanza hugundua haraka kwamba unga unamchelewesha kufika kileleni. Anamaliza saa nzima. Anajiona simba. Vijiweni sifa hiyo inajulikana, na wapo walioingia kwenye kete kwa mlango huo, wakiitafuta dawa ya nguvu za kiume. Muda si mrefu kuchelewa kunageuka kutofika kabisa, kisha kutotaka.

> Wapo walioingia kwenye kete wakitafuta dawa ya nguvu za kiume.

Siku dawa inapoachwa, mwili hupinduka upande wa pili. Arosto kila mtu anaijua kwa nje: miayo isiyokatika, makamasi, vinyweleo kusimama, kuharisha, mifupa kuuma. Kisichosemwa ni kwamba kwa baadhi ya wanaume shahawa hutoka zenyewe katika siku hizo. Wiki zinazofuata, aliyezoea saa nzima anamaliza kabla hajaanza. Kwa mwanaume wa Pwani aliyelelewa kuamini kwamba uanaume unapimwa kwa dakika, hiyo ni aibu ya kumfanya alale sebuleni, au atafute sababu ya kurudi kijiweni.

Habari njema, ambayo ingefaa kubandikwa ukutani penye kila soba hausi, ni kwamba kwa wengi walioacha kabisa ishara zile za ubongo huanza tena. Homoni huchukua wiki kadhaa hadi miezi kupanda, na hedhi hurudi. Kasi ya kumaliza nayo hutulia. Mtu asiyeambiwa haya anadhani ndivyo alivyo sasa, maisha yake yote.

Kikombe kinachookoa na kunyima

Kwa walio kwenye methadoni hesabu ni ngumu zaidi, kwa sababu methadoni yenyewe ni ya ukoo uleule wa afyuni. Inamtoa mtu kwenye sindano, inamwondolea arosto, inampa asubuhi ya kwenda kazini. Haiachi homoni zilivyo.

Hili si jipya. Mwaka 1975 Theodore Cicero na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwapima wanaume wa makundi matatu: watumiaji wa heroini, wanywaji wa methadoni, na wasiotumia chochote. Testosteroni ya wanywaji wa methadoni ndiyo iliyokuwa chini kuliko zote. Mwaka 2014 watafiti wa Malaysia walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu wanaume walio kwenye tiba za namna hii, wakakuta takribani nusu, asilimia 52, wana tatizo la tendo la ndoa. Dawa nyingine ya tiba hiyo, buprenofini, ilionekana kuwa na nafuu kuliko methadoni.

Nusu ya foleni, basi. Ukisimama nyuma ya dirisha ukamhesabu mmoja na kumruka mmoja, umeipata picha.

Kinachofuata kinaeleweka kirahisi. Mgonjwa anaanza kuilaumu dozi, na mara nyingine ana haki. Lakini kwa kuwa kwa kawaida dozi hunywewa mbele ya muuguzi, hawezi kujipunguzia kimyakimya, isipokuwa kwa kutokuja. Anaruka siku moja ajaribu. Anaruka mbili. Akizidisha siku tatu mfululizo dozi yake hulazimika kupitiwa upya, maana uvumilivu wa mwili umeshuka na kiasi cha jana kinaweza kumdhuru leo. Na siku ya tatu bila methadoni arosto imeshabisha hodi. Anachokipata mtu hapo ni sindano ya kijiweni, kwa kipimo alichozoea zamani, katika mwili usiokizoea tena. Watu hufa hivyo.

Madaktari wa tiba ya uraibu wana msimamo wao, nao una uzito: dozi ndogo isiyotosha ndiyo inayowarudisha wagonjwa mtaani, na mtu hai asiye na hamu ana kesho kuliko maiti. Wagonjwa nao wana hoja. Mtu anayeona ndoa yake inavunjika hatahesabu kwamba tiba imefanikiwa, hata kama vipimo vya mkojo ni safi. Pande hizi mbili zingekutana kwa urahisi kama mazungumzo yangeanza. Daktari anaweza kupima testosteroni, kuangalia sukari na presha, kuuliza kuhusu sonona, sigara na pombe (wengi huhamia kwenye pombe pale unga unapotoka), kisha kurekebisha dozi polepole kwa mpango. Hayo yote yanahitaji mgonjwa afungue kinywa.

Asipofungua hospitalini, atafungua sokoni. Kuna mkongo, kuna vumbi la Kongo, kuna vidonge vinavyouzwa kimojakimoja bila boksi. Supu ya pweza haina neno. Ni kitoweo kizuri, kina protini, na mnywaji hulala ameshiba. Vidonge ni jambo lingine. Sildenafili, inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, ikinywewa na mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti huweza kuangusha presha hadi kuua, na baadhi ya ARV, hasa zenye ritonaviri, huifanya ikae mwilini kwa kiwango cha juu kuliko kilichokusudiwa. Vumbi lisilo na lebo halijulikani limechanganywa na nini.

Kuna na mgongano mwingine unaovunja ndoa bila mtu kuutambua. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huifanya methadoni itoke mwilini haraka. Mgonjwa anaanza dawa za TB, usiku anatoka jasho na kugeukageuka, mke anasema moyoni: amerudia. Hajarudia. Anahitaji dozi iongezwe.

Mke anayetazama macho

Homoni hurudi kwa miezi. Imani haina ratiba hiyo.

Nyumba iliyopitiwa na unga huwa na orodha yake ya vilivyopotea. Simu, mtungi wa gesi, sufuria kubwa ya shughuli, doti za kanga ambazo hazijakatwa, pesa ya mchezo iliyokuwa ya watu. Mke alijifunza kulala na mkoba chini ya mto. Mume amerudi, ana miezi minane bila kete, na mkoba bado uko chini ya mto. Hilo ni jambo dogo, lakini jaribu kumkumbatia mtu ambaye kichwa chake kinalinda zipu.

Halafu kuna macho. Mke wa mtumiaji wa unga huwa mtaalamu wa mboni. Akitumia, mboni hubana kama ncha ya sindano. Akiwa na arosto, hupanuka. Kwa miaka aliyatazama macho ya mumewe kama askari anavyotazama leseni, na hawezi kuacha kwa sababu tu mume kasema ameacha. Tatizo ni kwamba methadoni nayo hubana mboni, na saa chache baada ya dozi mtu anaweza kusinzia kwenye kiti. Mume anadhani anatazamwa kwa mapenzi. Anatafutiwa ushahidi, na ushahidi wenyewe unadanganya.

Jambo la namna hii lingemalizwa kwa dakika kumi za maelezo kama mke angeitwa kliniki siku ya kwanza.

Na kuna virusi. Waliojidunga kwa sindano za kushirikiana wana maambukizi ya VVU na homa ya ini aina ya C kwa kiwango cha juu kuliko watu wengine. Mke ana haki ya kujua kabla kitanda hakijakuwa kimoja tena. Kupima pamoja, kutumia kondomu wakati majibu yakisubiriwa, kurudia kipimo baada ya kipindi cha mwanzo ambacho virusi havionekani: hayo ndiyo mahari ya pili ya mume anayerudi. Mwenye VVU anayemeza ARV vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Ukweli huo umethibitishwa na tafiti kubwa za wenzi, na bado ni nyumba chache zinazouamini.

Mwaka mmoja

Soba hausi nyingi za mwambao hufuata hatua kumi na mbili za Narcotics Anonymous, chama kilichoanzia California mwaka 1953. Ushauri unaotolewa sana humo ni kwamba mtu asianze uhusiano mpya katika mwaka wake wa kwanza. Sababu ni ya busara. Moyo uliotoka kwenye unga hutafuta kitu kingine cha kung'ang'ania, na penzi jipya likivunjika mwezi wa tatu huenda na mwenyewe.

Lakini ushauri huo ulitungwa ukimlenga aliye peke yake. Mwanaume wa Bagamoyo mara nyingi ana mke, na pengine wawili. Aambiwe asubiri mwaka? Na mke naye aambiwe nini, baada ya kusubiri miaka sita?

Sheria ya Ndoa ya 1971 haiwezi kumfariji sana. Inatambua kwamba asiyeweza kabisa kuikamilisha ndoa tangu siku ilipofungwa amempa mwenzake sababu ya kuomba ibatilishwe. Kwa ndoa iliyokwisha kukamilika, mwenye kulalamika hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi, na huko neno linalosikika ni *kunyimwa unyumba*. Kunyimwa. Kana kwamba kuna mtu ameufungia kabatini.

Fiqhi ya Kiislamu, ambayo ndiyo inayosikilizwa zaidi katika mji huu wa misikiti, ina jambo moja la kuvutia. Mume aliyeshindwa kabisa tangu mwanzo wa ndoa, mke akishitaki, kadhi humpa muda wa mwaka mzima kabla ya kutenganisha. Wanazuoni walieleza kwamba mwaka unatosha misimu yote kupita, maana huenda udhaifu ukaletwa na joto ukaondolewa na baridi. Hukumu hiyo haimhusu moja kwa moja aliyekwisha kukaa na mkewe na kuzaa naye. Lakini mantiki yake ingefaa kukopwa: mwache mtu apitiwe na kaskazi, masika, kusi na vuli ndipo umhukumu. Hesabu ya wanazuoni wa zamani haiko mbali na hesabu ya homoni.

Kwa mwanamke

Wanawake ni sehemu ndogo ya wanaofika kwenye dirisha la methadoni, na hiyo ni kwa sababu gharama ya kuonekana pale ni kubwa kwao. Teja mwanaume ni mgonjwa au mwizi. Teja mwanamke ni malaya, na neno hilo humfuata hadi hospitalini.

Wengi wao waliulipia unga kwa miili yao. Susan Beckerleg, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi miaka mingi Malindi na Watamu nchini Kenya, huko ambako Omari Project ilianza kuwahudumia watumiaji wa heroini mwaka 1995, aliandika kuhusu wanawake wa namna hiyo katika mji wa watalii. Kunduchi na vichochoro vya Bagamoyo si ulimwengu mwingine.

Utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 600 wa mwanzo wa Muhimbili ulionyesha kwamba waliowahi kufanyiwa ukatili wa kingono walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuikatisha tiba. Walioandika waliripoti takwimu. Kinachoweza kusomwa nyuma yake ni kwamba unga, kwa mwanamke aliyebakwa, ulikuwa pia ganzi. Ukiuondoa, mwili unaanza kusikia tena, na cha kwanza unachosikia si raha.

> Ukiuondoa unga, mwili unaanza kusikia tena, na cha kwanza unachosikia si raha.

Kwa hiyo mwanamke aliyeacha anaweza kukakamaa mume anapomgusa bega. Anaweza kuumia wakati wa tendo bila kidonda chochote. Anaweza pia kukubali kila anachotakiwa, kwa sura ileile aliyoitumia kijiweni, na mume asijue kwamba amelala na mtu asiyekuwepo.

Kuna na hatari ya upande wa pili. Kwa kuwa hedhi ilikatika, wengi huamini hawawezi kushika mimba. Yai hupevuka kabla damu ya kwanza haijaonekana, na mimba huingia mwezi ambao hakuna aliyeitegemea. Wakishajua ni wajawazito, baadhi huikimbia kliniki wakihofia methadoni itamdhuru mtoto. Ni kinyume chake. Kubaki kwenye methadoni wakati wa ujauzito ndiko salama, kwa sababu arosto ya ghafla ndiyo inayoweza kuharibu mimba.

Somo wa nani?

Cha kushangaza ni kwamba mwambao huu haukosi lugha ya chumbani. Pengine hakuna sehemu ya nchi iliyoitengeneza kwa ufundi zaidi. Wazaramo, Wakwere na Wadoe waliwafunda wanawali wao. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi Bunju miaka ya 1960, aliziandika mila hizo za Kizaramo katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Kungwi au somo humfundisha mwari mambo ambayo daktari angeyasema akitazama sakafu: namna ya kumpokea mume, namna ya kumkatalia bila kumvunja, kuoga pamoja, kusingana kwa liwa na msio, kukandana kwa mafuta ya nazi, kuzungumza kwa shanga na kwa kanga pale mdomo unaposhindwa.

Wakati huohuo, mwaka uleule wa 1970, William Masters na Virginia Johnson walichapisha Marekani njia yao ya kuwatibu wanandoa wenye matatizo ya tendo la ndoa. Kiini chake ni hiki: kwa wiki za mwanzo tendo lenyewe linapigwa marufuku. Wenzi wanapokezana kugusana tu, mwili mzima isipokuwa sehemu za siri, wakisema kinachopendeza na kisichopendeza. Hofu ya kushindwa inaondoka, kwa kuwa hakuna mtihani. Washauri wa ndoa duniani bado wanaitumia.

Ukimsimulia hayo kungwi wa Pwani, hatashangaa sana. Kusinga na kukanda anakujua. Tofauti ni kwamba yeye anamfunda mke tu, na anamfunda siku za harusi. Somo wa mume, aliyekuwa jandoni, kazi yake iliishia kwenye kidonda cha tohara. Hakuna kungwi wa mtu wa miaka 38 mwenye makovu ya sindano mkononi, anayerudi kwa mke anayemwogopa kidogo.

Nafasi hiyo inaweza kujazwa. Waelimishaji rika, ambao wengi wao waliacha unga wenyewe, wanaingia vijiweni kila siku na hawaoni haya kutaja kitu kwa jina lake. Makungwi wapo, na wengine wako tayari kupokea elimu mpya. Tangu zamani wamekuwa wakiitwa kwenye mafunzo ya uzazi wa mpango na VVU. Kinachokosekana ni wa kuwakalisha pamoja, na wa kumwambia mume kwamba wiki sita za kukandwa mgongo bila kudaiwa kitu si kushindwa.

Hapo hoja za watu wa dini na za watu wa tiba zinaweza kugongana. Wapo watakaosema mazungumzo haya yabaki kwa walio kwenye ndoa tu. Lakini wengi wa wanaoacha unga hawakuoa kamwe, au waliachwa zamani, na miili yao itaamka vilevile. Kuwanyima maelezo hakuwafanyi wawe watawa.

Dirisha la methadoni hufunguliwa kila siku, Jumapili na Iddi zikiwemo, maana dozi hairuki. Ni sehemu chache sana za huduma ya afya Tanzania ambako muuguzi anaweza kumwona mtu yuleyule mara mia tatu kwa mwaka na zaidi. Anamjua sauti, anajua akikonda, anajua akivaa shati jipya. Anamuuliza habari za nyumbani, na kwa Kiswahili chetu swali hilo lina jibu moja, hata kama nyumba inaungua.

Ili jibu liwe jingine, panahitajika chumba kidogo pembeni, viti viwili au vitatu, na mlango unaofungika. Pale dirishani kuna watu ishirini nyuma, na wa kwanza anayefuata ni shemeji yake.